Majilio Sauti Iliponikauka

Sauti ilinikauka Jumatatu, tarehe 18 Desemba 2023. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikafungua kinywa kumwita binti yangu abandike maji ya chai, kikatoka kitu kama upepo kwenye tairi la baiskeli lililotoboka. Nikanywa maji ya uvuguvugu, nikatafuna tangawizi, nikajaribu tena. Hakuna kitu.

Nauza nguo za watoto Kariakoo, upande wa Mtaa wa Kongo. Desemba ndio mwezi unaolisha miezi mingine: magauni ya marinda, suti ndogo za wavulana, viatu vinavyowaka taa kisiginoni. Mwaka ule karibu kila meza ya jirani ilikuwa na spika yake ndogo iliyorekodiwa bei, inarudia neno lile lile tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mimi sikuwa na spika, nilishindana nazo kwa koo langu. Jioni nafunga, nadandia daladala kwenda mazoezi ya kwaya, na huko nako niko sauti ya kwanza, mstari wa mbele.

Kwa msomaji asiye Mkatoliki nieleze kidogo. Katika Majilio, zile wiki za kungojea Noeli, hatuimbi Utukufu, ule wimbo wa kumsifu Mungu, kwenye misa za Jumapili. Padre anavaa zambarau, maua yanapungua altareni, kinanda kinapigwa kwa kiasi. Utukufu unawekwa kando mpaka misa ya usiku wa tarehe 24, na unaporudi, kengele zinapigwa na kanisa zima linasisimka. Kwa hiyo mwanakwaya anaishi mwezi mzima katika hali ya ajabu: kwenye misa wimbo umenyamazishwa, kwenye mazoezi anauimba kila jioni mpaka koo linawaka. Tulikuwa na Utukufu mpya wa sauti nne, na kuna mahali sauti ya kwanza inapanda bila huruma. Jumamosi ya tarehe 16 tulirudia ukurasa ule mpaka saa nne usiku. Kesho yake, Jumapili ya Furaha, yaani ya tatu ya Majilio, niliimba misa mbili. Jumatatu ndiyo hiyo niliyoisema.

Daktari alinimulika kooni, akatikisa kichwa. "Mama, siku saba usiseme. Na kunong'ona usinong'one, koo linachoka vilevile." Nikahesabu kwa vidole. Siku saba zilikuwa zinaishia Noeli yenyewe. Nikalia pale pale kwenye kiti, kilio kisicho na sauti.

Jumanne nilikwenda misa ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, nikakaa nyuma ambako hakuna anayenisalimia. Kuanzia tarehe 17 Desemba hadi 24, kila siku ina somo lake lililopangwa, na la tarehe 19 ni la Zakaria: kuhani mzee aliyeingia hekaluni kufukiza uvumba, akatokewa na malaika, hakusadiki, akatoka nje bubu, akiwapungia watu mkono. Injili hiyo nimeisikia miaka mingi, na siku zote niliichukua kama hadithi ya adhabu. Asubuhi ile niliisikiliza kama mtu anayesomewa barua yake.

Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia yangu ya zamani nisome mwenyewe. Nikafika mahali panaposema Elizabeti, mkewe Zakaria, alipata mimba, "akatawa miezi mitano". Nikaliangalia hilo neno. Bibi yangu alikuwa akilitumia kwa mwanamke anayekaa ndani, asiyeonekana njiani. Masista tunawaita watawa, na sikuwahi kujiuliza jina hilo limetoka wapi. Basi nyumba ile ya milimani kule Uyahudi ilikuwa na bubu mmoja na mtawa mmoja, na katikati yao mtoto anakua tumboni. Hakuna mtu wa kupiga kelele. Nadhani ndiyo nyumba tulivu kuliko zote katika Injili, na nilikuwa nimeipita kila mwaka nikikimbilia Bethlehemu.

Nisiwadanganye, hata hivyo. Siku tatu za kwanza sikunyamaza kweli. Niliacha kusema kwa mdomo nikaanza kusema kwa vidole. Niliandika kwenye kundi la kwaya, kundi la ukoo, kundi la jumuiya, kundi la akina mama wa Kariakoo. Nilieleza ugonjwa wangu mara kumi na tano, nikajibu kila pole, nikatuma picha za dawa. Nilikuwa na maneno mengi kuliko siku nilipokuwa mzima. Jumatano usiku kichwa kilikuwa kinavuma, nikaelewa kwamba daktari amelifunga koo tu, mengine amenikabidhi mimi. Nikazima simu, nikampa binti yangu. Nikamwandikia kwenye daftari: "Akipiga Bibi, pokea. Wengine waambie Mama yupo, anapumzika."

Alhamisi mchana, kesho yake tukiwa na safari, nilimwachia binti yangu meza, nikachukua bajaji mpaka Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile linalotazama bandari, walilolijenga Wajerumani kati ya 1897 na 1902. Nimeishi Dar es Salaam miaka ishirini na mbili. Pale nilikuwa nimeingia kwa harusi na mazishi tu. Nje kulikuwa na foleni ya kwenda kivukoni, honi juu ya honi. Ndani kulikuwa na watu kama sita, kila mmoja na benchi lake, na mlinzi amesinzia mlangoni. Nikakaa. Sikuwa na rozari, sikuwa na kitabu cha sala. Nilingoja nipate mawazo ya kiroho, hayakuja. Kilichokuja ni Katesh.

Majilio ya mwaka ule yalianza tarehe 3 Desemba, na siku hiyo hiyo, asubuhi, matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang' yakafunika mji wa Katesh. Walikufa watu zaidi ya themanini. Habari ilitufikia tukiwa kwenye mazoezi. Tulisimama, tukasali Baba Yetu moja na Atukuzwe, mwalimu akasema tuendelee ukurasa wa tatu. Tukaendelea. Simlaumu mwalimu, na mimi nilikuwa nimeshafungua ukurasa. Lakini siku kumi na nane baadaye, kwenye benchi lile, nililia kwa ajili ya watu wa Katesh kwa mara ya kwanza, nikajua kwamba huzuni ile ilikuwa imekaa ndani yangu muda wote huo ikingoja nafasi. Wengi tunasema sikukuu zinatuzuia kupata furaha ya kiroho. Kwangu zilikuwa zimenizuia kuhuzunika.

Ijumaa alfajiri tulipanda basi Mbezi, mimi na watoto wawili. Kwetu ni Kilema, mlimani Kilimanjaro, na Mchagga asiyepanda nyumbani Desemba ataulizwa maswali mpaka Pasaka. Mvua za El Niño zilikuwa hazijaisha. Chalinze barabara ilikuwa inang'aa maji, na Same, ambako nimezoea vumbi na miiba, kulikuwa na majani mabichi hadi kwenye reli. Basi liliwasha video tangu tunatoka mpaka Korogwe. Kwa kawaida mimi ndiye ninayesimama kumwambia konda apunguze. Safari hii nilifumba macho tu, na ajabu ni kwamba sikuchukia. Kelele ambayo huwezi kuijibu inachoka yenyewe. Himo tulishuka saa tisa alasiri, tukapata gari dogo la kupanda, na ndizi zikaanza.

Mama yangu ana miaka sabini na nane. Aliponiona sisemi alinishika taya kama mtoto, akaniangalia kooni mwenyewe, akasema, "Pumzika, mwanangu. Humu ndani wa kusema wapo." Na kweli walikuwapo. Ndugu zangu watano, wake zao, watoto wasiohesabika, mbege inachachuka kwenye pipa, mbuzi wawili wamefungwa nyuma wakilia, redio ya shemeji, watoto wa mjini wakigombania chaja. Naipenda nyumba hiyo ikijaa. Siwaamini watu wanaosema kwamba ili kumpata Mungu wakati wa Noeli lazima uikimbie familia yako na chakula chake. Neno alikuja kukaa kwetu, na kwetu ndiko huko, kwenye sufuria za mtori na watoto wenye mafua. Lakini nilijiuliza usiku ule, nikiwa nimelala na wajukuu wa Mama watatu kitanda kimoja: huyu mama yangu, ambaye hajawahi kuwa na chumba chake peke yake tangu aolewe, ambaye hajawahi kwenda mafungo kwenye nyumba ya masista, anasali saa ngapi? Maana kwamba anasali, hilo halina ubishi. Anaonekana.

Jumamosi nikapata jibu bila kuuliza, maana kuuliza nisingeweza. Niliamka saa kumi na moja na kitu, nikamwona anatoka na ndoo na taa. Nikamfuata bandani. Ana ng'ombe mmoja, wa maziwa, anayekula ndani kama ng'ombe wote wa kwetu. Majani analetewa, samadi inarudi migombani. Mama alimwosha chuchu kwa maji ya moto, akampaka mafuta, akakaa kwenye kigoda, kipaji cha uso kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Akaanza kukamua. Nikataka kumsaidia kushika ndoo, akanionyesha kwa kidole nikae pale kwenye majani, nisitikisike.

Watu wa mifugo wanajua: ng'ombe akishtuka hubana maziwa. Mtoto akikimbia bandani, mtu akigombana karibu, mbwa akibweka sana, maziwa hayashuki, na utakaa pale unavuta bure. Kwa hiyo kwetu hakuna anayeita wala kupiga kelele Mama akiwa bandani. Baba alikuwa hathubutu. Wajukuu wa Dar wanafundishwa siku ya kwanza. Ni dakika ishirini au nusu saa, alfajiri na jioni, kila siku ya Mungu, na nyumba nzima inazilinda kwa sababu ya maziwa.

Nilikaa kwenye majani nikaona midomo yake inacheza. Saa kumi na mbili kengele ya parokia ikalia Malaika wa Bwana. Hakuacha kukamua. Aliinamisha kichwa kidogo tu, ile sala ikapita kwenye pumzi yake, maziwa yanagonga ndoo, na mimi nikaijibu moyoni: "Ndimi mtumishi wa Bwana, nitendewe ulivyonena." Alipomaliza alifunika ndoo, akanitazama kwa muda. Akasema, "Hapa ndipo nilipokulilia ulipokuwa unaumwa malaria ya kichwa. Na baba yako alipofariki. Wangeniona wapi?"

Miaka hamsini na zaidi aliiweka sala yake chini ya ng'ombe, mahali ambapo hakuna ambaye angemwambia ni mvivu, wala ambaye angemkatiza. Hakuomba ruhusa ya kupata utulivu. Alichagua kazi inayodai utulivu, akaingia nayo humo.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta ng'ombe wangu mwenyewe. Kariakoo nilijaribu kufunga macho mezani, haikwenda. Mteja anadhani unaumwa. Nilichokipata ni kukunja. Mzigo ukifika, kila nguo lazima ikunjwe, ihesabiwe, ipangwe kwa umri, na hesabu hiyo ukisemeshwa unaanza upya, kila mtu sokoni anajua. Kwa hiyo kila mwaka kuanzia tarehe 17 Desemba nafika stoo saa moja kabla ya wenzangu, nakunja peke yangu, sina redio, simu imebaki kwenye mkoba. Gauni la miaka miwili, la miaka mitatu, la miaka minne. Nawataja watoto watakaolivaa bila kuwajua. Siku nyingine sala haiji, nakunja tu. Na spika nilinunua; koo nimeliachia kwaya.

Nirudi Kilema. Jumamosi ile ile mchana tulikuwa na kikao cha familia, na hapa ndipo ningependa mnisikilize, kwa sababu ni jambo lililoniuma. Kaka yangu anayekaa nyumbani kwenye kihamba, lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba, aling'oa kahawa za Baba, akapanda ndizi na maparachichi. Mimi habari hizo nilizipata nikiwa Dar, mwaka mmoja kabla, na nilimpigia simu nikasema maneno ambayo dada hapaswi kumwambia kaka yake mkubwa. Kila tulipokutana baada ya hapo nilianza mimi, nikamaliza mimi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kahawa imekaa kwetu tangu enzi zile. Kwangu kuing'oa ilikuwa kama kumng'oa Baba kaburini.

Kwenye kikao, jambo hilo lilipofika, wote waligeuka kunitazama. Wanijuavyo. Nilikuwa na daftari mapajani. Asubuhi kwenye misa tulikuwa tumesomewa mwisho wa habari ya Zakaria, alipotaka kibao akaandika, "Jina lake ni Yohana." Nikashika kalamu. Hasira ilikuwapo, yote, haijapungua hata kidogo, lakini kuandika kunachelewa kuliko kusema, na katika ule ucheleweshaji nilimwona kaka yangu mikono yake. Nikaandika neno moja, nikamgeuzia daftari: "Endelea."

Akaendelea. Alizungumza labda dakika kumi, na sidhani kama aliwahi kupewa dakika kumi na ndugu zake tangu Baba afe. Alisema chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, ilimaliza matunda misimu mitatu mfululizo. Alisema bei ya dawa, na bei ya kumlipa mtu wa kupiga dawa. Alisema mvunaji ni yeye na mkewe, sisi tunakuja Desemba tunaikuta imeshauzwa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba miche saba iliyo karibu na kaburi la Baba hakuigusa, anaipiga dawa kwa pesa yake, na kwamba alidhani tumeiona.

Mimi sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimepita pale Noeli iliyotangulia nikiwa nasema.

Baada ya kikao nilikwenda kaburini. Mimea ya masale iliyopandwa pembeni imekua mpaka kifuani. Nikahesabu miche: saba. Kwetu mtu akikosana na mwenzake huchukua jani la sale kwenda kuomba msamaha, na anayeletewa ni vigumu mno kukataa. Nilikata moja. Nilimkuta kaka yangu anakata majani ya ng'ombe nyuma ya banda, nikampa kwa mikono miwili. Hakusema neno, na mimi sikuweza. Alilichomeka kwenye mfuko wa shati akaendelea kukata majani, nami nikayafunga mzigo, tukaupeleka pamoja.

Mwaka 2023 Jumapili ya nne ya Majilio iliangukia tarehe 24 yenyewe, kwa hiyo asubuhi tulikuwa bado Majilio na usiku tayari ni Noeli. Wiki ya nne nzima iliisha kabla ya jua kuzama. Asubuhi padre alikumbusha kwamba imetimia miaka 800 tangu Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipotengeneza pango la Noeli kule Greccio, mwaka 1223, kwa nyasi kavu, punda na ng'ombe. Aliposema ng'ombe, Mama alinigusa goti.

Usiku tulirudi kwa mkesha, mvua imenyesha, tope mpaka kwenye vifundo. Watoto wamevaa zile nguo nilizokunja mwenyewe. Kanisa lilijaa hadi nje, watu wa Dar, Arusha, Nairobi. Ilikuwa mkesha wangu wa kwanza kukaa kati ya watu tangu nilipokuwa na miaka kumi na minne. Siku zote nimekuwa upande wa kwaya, nasikia sauti ya kwanza tu, yaani yangu. Padre akaanzisha, "Utukufu kwa Mungu juu mbinguni." Kengele zikalia, ndogo za altareni na ile kubwa ya mnarani. Watu wakainuka kama wimbi. Mimi nilisimama nimefunga mdomo, machozi yananitiririka, nikasikia karibu na sikio langu la kushoto sauti nyembamba iliyopasuka kidogo, iko chini ya wimbo, haipotei, inashika njia yake mpaka mwisho.

Mama yangu anaimba sauti ya pili. Nina miaka arobaini na sita, na nilikuwa sijui.